Karani, Lavenda na Radi

2 Machi

Nadai hivi, na nitalitetea dai hili mpaka mvua ya mwisho: mbwa anayelia radi inapopiga si mkorofi, ni mwoga, na woga hautibiwi kwa mnyororo, wala kwa fimbo, wala kwa tangazo. Anayetaka kunipinga alete hoja. Asilete hasira, maana hasira tunazo za kutosha humu jengoni.

Naandika haya kwa sababu asubuhi hii Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji amebandika karatasi kwenye ubao ulio chini ya ngazi. Inasema kwamba "mbwa mkorofi wa duka la dobi" amewanyima wapangaji utulivu, na kwamba asipokoma kabla mvua hazijakwisha, ataondolewa. Ataondolewa apelekwe wapi, karatasi imenyamaza.

Mbwa mwenyewe ni Karani. Tulimwita hivyo kwa kuwa hukaa kando ya kaunta na kumkagua kila mteja aingiaye kana kwamba anamwandikisha. Ni wa Bibi, mama yake Mama. Masikio ya Bibi yamechoka: mteja akigonga kaunta, simu ikilia, birika likichemka hadi likauke, yeye hana habari. Karani humgusa goti kwa pua, naye hugeuka. Kwa ajili ya pua hiyo tu Mama hudiriki kumwacha Bibi peke yake dukani anapopeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni. Basi anayemwondoa Karani anamng'oa Bibi masikio yaliyosalia. Hilo ndilo shauri lililo mbele yetu. Mengine yote ni mapambo.

3 Machi

Radi mchana kutwa. Karani amelia, akararua zulia la mlangoni. Muuguzi wa ghorofa ya kwanza, ambaye hukesha wodini na kulala mchana, aligonga sakafu yake kwa mpini wa ufagio. Yeye ndiye aliyelalamika kwa kamati. Kuanzia leo, katika kurasa hizi, ataitwa Adui wa Juu.

5 Machi

Nimesoma usiku kucha kuhusu pua ya mbwa. Leo nikamwambia Mama, aliyekuwa akinyoosha foronya, kwamba harufu ya mafuta ya ua la lavenda imejaribiwa kwa mbwa wenye hofu, na baadhi yao walitulia.

"Umesoma," Mama akasema, bila kuinua pasi. "Shahada yako tumeitundika pale ukutani, baba, na tangu itundikwe haijanyoosha hata kola moja. Sasa inataka kumpaka mbwa marashi?"

"Simpaki. Kumpaka ni hatari, hata mimi najua. Nataka harufu iwe chumbani tu."

"Basi kamwulize daktari wa wanyama kwanza. Wewe ni daktari wa maneno."

Bibi akauliza tunagombania nini. Nikayarudia yote kwa sauti ya mnadi. Akamtazama Karani, akanitazama mimi. "Mume wangu," akasema, "ukimfanya anukie kuliko mimi, nadai talaka."

7 Machi

Daktari wa wanyama ni mwanamke mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Alimsikiliza Karani kifua kabla ya kunisikiliza mimi, kwani mbwa mwenye shida ya kupumua hafai kabisa kwa jambo hili. Alipoona mapafu ni safi, akanikazia macho.

"Pua yake si pua yako. Kinachokufikia wewe kama mnong'ono, yeye kinamfikia kama kipaza sauti. Kwa hiyo tone moja tu, kwenye kitambaa, kitambaa kiwe mbali naye. Usimpake manyoya, usimpake makucha, usitie kwenye maji yake ya kunywa. Chupa ifungwe, iwekwe juu asikoweza kuifikia."

"Na mafuta mengine? Nimeona watu wanasifu ya mti-chai."

"Hao wanaosifu hawajamwona mbwa aliyedhurika kwa sumu yake. Mti-chai, msonobari, mdalasini, usilete nyumbani. Akipiga chafya, akitokwa udenda, akigeuza uso, ondoa kitambaa, fungua madirisha. Akitapika au akiyumba, mlete hapa. Na sharti kubwa kuliko yote: mlango uwe wazi. Lazima aweze kuondoka."

Nilimwambia sharti hilo la mwisho ni la kifalsafa kuliko la kitabibu, kwamba faraja isiyoweza kukataliwa ni kifungo. Alikubali, nadhani, ingawa alikuwa akiitazama saa. Akaongeza kwamba harufu ni msaada, si dawa. Ikishindikana kuna vidonge, na si aibu kuviomba.

10 Machi

Ushindi! Mawingu yalipokusanyika nilitia tone kwenye kitambaa, nikakiweka juu ya rafu, nikaacha wazi mlango wa stoo. Radi ilipopiga, Karani alitetemeka, akanusa hewani, akalala chini ya meza ya pasi. Alinung'unika, hakulia. Ufagio wa Adui wa Juu haukusikika.

Nilimsomea Mama hitimisho langu. Akasema, "Hongera, Profesa. Sasa nipe hizo foronya."

14 Machi

Radi tena, na ushindi tena. Nimemwambia Mwenyekiti ngazini kwamba elimu imefanya kazi. Akajibu kwamba mvua hazijakwisha.

16 Machi

Mama amepatwa na wazo. Wateja wawili wamesifu harufu ya duka, kwa hiyo ametia lavenda kwenye chupa ya kunyunyizia maji anaponyoosha mashuka. Msimamizi wa nyumba ya wageni amefurahi mno. Anasema wageni wake wanalala kama watoto. Nilijisikia kama mtu aliyeleta moto kijijini.

17 Machi

Jua. Foronya.

21 Machi

Radi ndogo. Karani alilia kidogo. Labda tone lilikuwa dogo.

24 Machi

Radi. Alilia zaidi. Sikuongeza tone, kwa kuwa nina adabu ya kisayansi, lakini nilishawishika.

28 Machi

Leo kumetokea jambo lililonivuruga akili.

Asubuhi ilikuwa kavu, mbingu imefagiliwa, hakuna hata wingu la kuazima. Mama alikuwa na mzigo mkubwa wa nyumba ya wageni; pasi ilikuwa ikitoa mvuke tangu alfajiri. Karani alianza kuhema, kisha kutetemeka, kisha akajibana nyuma ya mapipa ya sabuni na kulia kilio kilekile cha radi, kirefu, cha kupasua kuta. Bibi, ambaye hasikii birika, alikisikia.

Adui wa Juu aliteremka akiwa na gauni la kulalia na viatu vya kazini.

"Leo nayo? Hata wingu hakuna! Mnamfanya nini huyu mbwa?"

"Dada, sisi tunampa matibabu ya..."

"Profesa, mimi nimetoka kuwafumba marehemu macho usiku huu. Sitaki muhadhara. Nataka kulala."

Akapanda juu. Mwenyekiti, aliyekuwa akibadilisha taa ya ngazi isiyokubali kuwaka, alisikia yote. Macho yake yaliteremka hadi kwenye ubao.

Nilimkasirikia Karani. Naandika hili kwa sababu shajara isiyosema hivyo ni tangazo tu. Nilimwambia, "Nimekusimamia mbele za watu, nawe unaniaibisha kwenye jua!" Bibi akanivuta shati. "Humgombezi mtu kwa kutetemeka," akasema. "Akitetemeka ameshajigombeza."

2 Aprili

Nitajaribu kuyapanga kama yalivyotokea.

Saa nane za mchana upepo ulianza kupiga mvua ndani ya duka, mashuka yaliyokwisha kunyooshwa yakatiwa matone. Mama akafunga mlango wa mbele. Akafunga na mlango wa stoo, kwa sababu maji yalikuwa yakipenya huko pia. Pasi ilikuwa moto, mvuke umejaa, chupa ya kunyunyizia i mkononi mwake. Mimi nilikuwa juu ya ngazi ya mbao nikitafuta kitambaa changu.

Radi ya kwanza ilipopiga Karani hakulia. Alijirusha. Aliupiga mlango kwa mabega, komeo la zamani likaachia, akatoka. Bibi akamfuata bila viatu, bila mwavuli. Barabara yetu ina malori, na Bibi hasikii malori.

Nilimkimbilia. Nilimkuta katikati ya barabara, anaita "Karani! Karani!" na lori limesimama hatua chache kutoka kwake, dereva ametoa nusu ya mwili dirishani anapiga kelele ambazo Bibi hakuzisikia hata moja. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, mwepesi kama foronya. Akaniuliza, "Amekwenda wapi?" wala hakujua hata kidogo kilichokuwa nyuma yake.

Mama alimpokea, akamvua nguo zilizolowa, akamfunika shuka la nyumba ya wageni bila kujali mgeni atalalia nini. Mimi nikarudi kumtafuta mbwa. Kwenye ngazi niliona alama za miguu yenye maji, zinapanda juu.

Karani alikuwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwanza, mbele ya mlango wa Muuguzi. Amelala juu ya taulo la kijivu. Muuguzi ameketi kwenye sakafu karibu naye, mgongo ukutani, hajamshika, yupo tu. Radi ilipiga, Karani akafumba macho, akatetemeka, basi. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni.

"Shii," akasema. "Ndiyo kwanza anatulia."

"Dada, najua umeandika kutuhusu kwa kamati, na..."

"Nimeandika kwamba silali. Neno mkorofi si langu. Kuondolewa si kwangu. Mwenyekiti ndiye mwenye kalamu." Akashusha sauti. "Wodini kwetu wapo watu wazima wenye ndevu wanaowaita mama zao radi ikipiga. Hatuwafukuzi. Tunasogeza kiti."

Nikaketi ngazini. Yeye akainama, akamnusa mbwa shingoni, akacheka.

"Lakini Profesa, huyu mbwa wenu ananuka kama chumba cha nyumba ya wageni."

Nilijinusa mkono wa shati. Nilinusa kola. Tulikuwa tukinuka hivyo sote.

3 Aprili

Nimefikiri, na hivi ndivyo ninavyoona.

Kitambaa changu kilitoka lini? Mawingu yalipokusanyika. Kila mara. Sikukitoa hata mara moja Karani akiwa ameshiba, amelala, anaota jua mgongoni. Mara za mwanzo harufu ilikuwa ngeni, ikamshangaza, akatulia. Kisha akajifunza, kwa kuwa ni mbwa mwenye akili: harufu hii ikija, radi inakuja. Nilidhani nampa mto wa kulalia, kumbe nampigia mbiu ya hatari. Kisha sisi, ukoo wa madobi tusioweza kuona kitu kizuri bila kukitia kwenye maji ya pasi, tukaieneza mbiu hiyo duka zima, kwenye mashuka, kwenye nguo zetu, kwenye mapaja ya Bibi, ambapo Karani hulaza kichwa. Tukamfanyia radi ya kila siku. Jana tukamfungia milango yote.

Kwa hiyo daktari alinipa masharti yote nami nikayashika yote isipokuwa lile nililolisifu kwa ufasaha mkubwa zaidi.

Nilimpigia simu. Alisikiliza, akasema, "Ndivyo. Acha lavenda kabisa. Akitulia, anza upya na harufu nyingine, siku za amani, si siku za vita."

Kumshawishi Mama kulikuwa kazi nyingine. Msimamizi wa nyumba ya wageni ameagiza mashuka ya mwezi mzima kwa ajili ya harufu hiyo.

"Unataka nimwambie nini? Kwamba mbwa hapendi?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli haunyooshi mashuka, baba."

Akanyoosha shuka zima. Kisha akaichukua ile chupa ya kunyunyizia, akaimwaga kwenye sinki, akafungulia maji mpaka povu likaisha. "Mama yangu alinifundisha," akasema, "kwamba nguo safi haina harufu yoyote. Mimi ndiye niliyesahau." Alikuwa akimtazama Bibi, ambaye bado alikuwa na kikohozi cha mvua ya jana.

4 Aprili

Tumefua kila kitu. Mapazia, aproni, hata begi langu la vitabu.

5 Aprili

Tunaendelea kufua.

8 Aprili

Karani amerudi kulala kando ya kaunta. Nyumba ya wageni imepunguza mzigo. Najua Mama ndiye anayelipa bei ya hilo.

11 Aprili

Mpango mpya, ulioidhinishwa na daktari. Harufu ya kwanza ni ya Bibi mwenyewe: shali lake la kuvaa dukani, lisilofuliwa. Mama aliposikia neno hilo la mwisho alishika kaunta.

"Lisilofuliwa? Ndani ya duka la dobi? Wateja wakiliona?"

"Watajua lipo moja tu," Bibi akasema. Mara nyingine husikia anachotaka.

Kwenye pindo la shali tunatia tone moja la mafuta ya ua la kamomaili, si zaidi, na tunalitandika stooni nyakati za raha tu: Karani akichanwa manyoya, akiwa ameshiba, akisinzia. Kwenye pembe nyingine ya duka tumeweka taulo la kijivu la Muuguzi, lisilo na tone lolote. Milango yote miwili wazi. Achague mwenyewe.

12 Aprili

Amechagua taulo la Muuguzi. Sina maoni.

15 Aprili

Taulo asubuhi, shali mchana. Hakupiga chafya, hakugeuza uso. Alisogea, akaondoka, akarudi.

Muuguzi hupitia akitoka kazini. Leo aliketi na Bibi, akamfundisha kumsikiliza Karani kifua kwa kiganja. Nimefuta lile jina la Adui wa Juu mahali pengi nilipoweza. Wino mwingine umekataa kutoka.

17 Aprili

Mawingu, hakuna mvua. Shali halikutolewa kwa ajili ya mawingu. Lilikuwa limekwisha kutolewa tangu asubuhi. Hiyo ndiyo tofauti yote.

21 Aprili

Radi kubwa ya majira haya, ya kutikisa vioo. Karani alisimama, akazunguka kaunta, akahema. Nilitaka kumwita, nikajizuia. Alikwenda kwenye taulo, akaliacha. Alikwenda kwenye shali, akajilaza, akaficha pua ndani ya pindo, akaondoka tena, akaenda kumgusa Bibi goti kana kwamba anamwarifu kuna mteja. Bibi akamwambia, "Najua, nimemwona, mwambie asubiri." Akarudi kwenye shali. Alinung'unika. Alitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Hakulia.

Hakupona, na sitaandika kwamba amepona. Alivumilia.

Jioni Muuguzi aliteremka na alama za mto shavuni. Akachungulia barabara iliyojaa maji.

"Kumbe ilinyesha?"

Mama aliangusha pasi kwa kucheka.

29 Aprili

Radi, na kunung'unika. Hatujambo.

6 Mei

Nilimsimamisha Mwenyekiti ngazini kuomba shauri letu liwekwe kwenye mkutano wa wapangaji.

"Kijana, sheria ni sheria. Alilia siku ya jua. Wote walisikia."

"Alilia kwa kosa letu, mzee, na kosa tumelirekebisha. Tangu hapo hajalia."

"Na hizo dawa zenu za kunusa? Kuna watoto humu."

"Ni tone moja kwenye pindo la shali la kikongwe, na chupa imefungiwa juu kabatini. Njoo unuse."

"Kamati imeshaamua. Mbwa aondoke Jumapili. Tutaongea ndani ya kamati."

Alikuwa ameshika taa nyingine ya ngazi iliyoungua. Nilimtazama akiifungua kwa subira, naye ni mzee, na magoti yanamuuma. Nadhani nimeanza kumwelewa. Bomba la maji halimtii. Taa hizi hazimtii. Mwenye nyumba hapokei simu zake. Wapangaji humlaumu kwa yote. Mbwa ndiye kitu pekee humu jengoni ambacho neno lake linaweza kukiondoa. Nilimshikia ngazi mpaka taa ikawaka. Kumwelewa, hata hivyo, si kumkubalia.

7 Mei

Nimeandika karatasi itakayobandikwa kesho asubuhi ubaoni, kando ya ile yake. Muuguzi ameisoma na kutia sahihi. Mama amekata maneno mengi, nami nimeyaruhusu yakatwe. Yaliyosalia ni haya:

"Kwa Mwenyekiti, na wapangaji wote.

Tangazo lako lilimwita mbwa wa dobi mkorofi. Sisi tunasema alikuwa mwoga, na kwamba tulipotaka kumtuliza kwa harufu bila kumwachia nafasi ya kuikimbia, tulimzidishia hofu. Kosa la siku ile ya jua ni letu, si lake; liandikeni kwa jina letu. Tulipomwachia mlango wazi na hiari, amepita radi mbili bila kulia, na aliyekuwa akilalamika ametia sahihi yake hapa chini.

Bibi yetu hamsikii mteja, wala birika, wala lori. Humjua mgeni kwa pua ya mbwa huyu gotini pake. Mkimwondoa Jumapili, tuambieni Jumatatu nani atamgusa goti.

Usitujibu ndani ya kamati, mzee wetu. Tangazo lilibandikwa mbele ya watu, na jibu litolewe mbele ya watu, Jumamosi, hapa chini ya ngazi: je, mwoga anayejifunza kuvumilia ana haki ya kubaki nyumbani kwake, ama hana? Sema ndiyo au hapana, na utoe sababu yako. Sema kwa sauti kubwa, kwa maana Bibi atakuwepo, na shauri hili ni lake."